Gari la gia za mkono linawaka likisukumwa tu, ufunguo haupigi selfu

DerevaMoro:
Wakuu, salaam. Nina gari dogo la petroli, la gia za mkono. Siku hizi nikizungusha ufunguo hadi mwisho, taa za dashibodi zinawaka vizuri lakini stata (selfu, yaani mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha) haizunguki kabisa. Likisukumwa kidogo nikaachia klachi kwenye gia ya pili, linawaka papo hapo na kutembea bila shida. Fundi wa mtaani ananishauri ninunue betri mpya na stata ya mtumba kwa pamoja. Kabla sijatoa fedha hizo, nianze kukagua wapi?

UmemeWaMagari:
Usinunue chochote kwanza. Gari linalowaka kwa kusukumwa limekwisha kukuonyesha kwamba mafuta yanafika, cheche zipo, na betri ina umeme wa kutosha angalau kuendesha pampu ya mafuta na kompyuta ya injini. Kilichobaki ni njia ya umeme kutoka kwenye ufunguo hadi kwenye stata, na hapo sauti ndiyo mwongozo wako. Milio midogo ya haraka haraka huashiria betri dhaifu au vichwa vya betri vyenye kutu, ilhali mlio mmoja mzito huelekeza kwenye stata yenyewe au nyaya zake nene. Ukimya mtupu ni habari nyingine. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo: je, zinafifia?

DerevaMoro:
Hazififii hata kidogo, na hakuna mlio wowote. Ila nimegundua kwamba nikikanyaga klachi kwa nguvu sana, mara chache stata inapiga.

UmemeWaMagari:
Taa zisipofifia, maana yake stata haivuti umeme; basi mshukiwa wa kwanza ni swichi ya klachi. Magari mengi ya gia za mkono hayaruhusu stata kupata umeme mpaka pedeli ikanyagwe hadi chini, na kazi hiyo hufanywa na swichi ndogo iliyofungwa juu ya pedeli. Mara nyingi swichi ni nzima, lakini kile kipande cha plastiki au mpira kinachoibonyeza kimepasuka na kuanguka kwenye zulia, kwa hiyo inama utafute vipande. Wapo mafundi watakaounganisha nyaya moja kwa moja ili kuiruka swichi. Mimi sikubali, kwa sababu siku mtu atakapowasha gari likiwa ndani ya gia, litaruka mbele na aliyesimama hapo ataumia.

MzeeWaGereji:
Nakubaliana na mwenzangu, ingawa betri nayo ipimwe, kwa kuwa kuisamehe bila kipimo ni kubahatisha vilevile. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6. Swichi ya klachi ikionekana nzima, angalia fyuzi na rilei ya stata (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Kisha weka gari nyutro, vuta hendibreki, na mtu azungushe ufunguo akiwa amekanyaga klachi huku wewe ukipima waya mwembamba unaoingia kwenye stata. Usiposoma umeme hapo, stata haina kosa. Ukisoma volti zinazokaribia za betri na stata ikabaki kimya, pima waya wa eathi (wa kurudisha umeme kwenye betri) unaotoka kwenye injini hadi kwenye bodi, na huo ukiwa mzima, ndipo uifungue stata.