Godot 4.2 kwenda 4.5: tuhamishe mradi sasa au tusubiri?

Raskazone_2D (Novemba 2025)

Wakuu, habari za jioni. Kuna mchezo wa 2D unaotengenezwa na kundi la vijana hapa Tanga: mchezaji anapita ndani ya Mapango ya Amboni, anakwepa popo na kutafuta njia ya kutokea. Mradi upo kwenye injini ya michezo ya Godot 4.2.2, GDScript tupu (lugha ya kodi ya Godot), na ramani zote zimechorwa kwa TileMap (nodi, yaani kijenzi cha mchezo, ya kupanga matofali ya ramani) yenye tabaka nne: ardhi, kuta, mapambo na hatari. Tunatumia Git kutunza na kuunganisha kazi ya kila mmoja. Laptopu ni za RAM GB 4 zenye kadi ya michoro ya Intel HD 4000, na bando ndiyo hivyo tena, la kuhesabu.

Tunataka mchezo uwe Google Play kabla ya Ramadhani. Je, tumalizie kwenye 4.2 halafu tuhame baadaye, au tuhame sasa? Na kama ni kuhama, twende 4.5 moja kwa moja, tupite 4.3 na 4.4 kwanza, au tungoje 4.6 ambayo tayari ipo kwenye majaribio?

---

Fundi_Chumbageni

Mkuu, ukishataja Google Play umeshajijibu. Tangu tarehe 1 Novemba 2025, programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 kwenda juu lazima yafanye kazi kwenye simu zenye kurasa za kumbukumbu (vipande ambavyo simu inagawia kumbukumbu yake) za KB 16. Kinachokaguliwa hapo ni maktaba za injini, zile faili za .so ndani ya kifurushi. GDScript yenu haihusiki, kwa hiyo hata muandike kodi safi namna gani, injini isiyojengwa kwa KB 16 haitapita. Kwa Godot, hilo limekuja na 4.5.

Halafu tazama kalenda. 4.2 ilitoka Novemba 2023, 4.3 Agosti 2024, 4.4 Machi 2025, 4.5 Septemba 2025, na 4.5.1 ikafuata Oktoba. Sera ya mradi ni kwamba tawi linaendelea kupata marekebisho angalau mpaka tawi linalofuata litoke na lipate toleo lake la kwanza la marekebisho. Kwa kipimo hicho 4.2 imeshaachwa nyuma. Mkikuta hitilafu ndani ya injini leo, jibu litakuwa: ijaribu kwenye toleo jipya.

4.6 msiijengee mchezo. Matoleo ya dev (ya majaribio ya mwanzo) bado yanaongezwa vipengele. Yakifika beta, vipengele vinafungwa na kazi inakuwa kurekebisha. Yakifika RC (hatua ya mwisho ya majaribio) wanatafuta kilichobaki cha kuzuia toleo thabiti. Mradi wenye tarehe ya kutoka unakaa kwenye toleo thabiti, tena lenye namba ya tatu kama 4.5.1, maana hizo namba za tatu ndizo zinazobeba marekebisho bila kubadilisha tabia ya injini.

---

Makorora_Kodi

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Ruka moja kwa moja hadi 4.5.1, hakuna haja ya kufungua mradi katika kila toleo la kati. Kinachotakiwa ni kusoma miongozo yote mitatu ya uhamaji kwenye nyaraka rasmi (4.2 hadi 4.3, 4.3 hadi 4.4, 4.4 hadi 4.5), kwa sababu kila mmoja unaeleza yaliyovunjika kwenye hatua yake tu.

Jambo la kwanza, na hapa ndipo makundi mengi yanapoumia: ahame mtu mmoja, wengine wote wasubiri. Tangu 4.4, kila skripti na kila sheda (kodi ya kuchora picha) inapata faili jirani yenye kiambishi .uid, mfano popo.gd inapata popo.gd.uid. Ndani yake kuna kitambulisho cha faili hiyo. Watu wanne wakifungua mradi kila mmoja kwenye mashine yake, vinazaliwa vitambulisho vinne tofauti kwa skripti ileile, na Git itawagombanisha wiki nzima. Basi afanye hivi huyo mmoja:

Akomiti (ahifadhi kwenye Git) kila kitu kwenye 4.2.2, kisha afungue tawi jipya la Git. Afunge Godot, afute folda ya .godot (ni akiba tu, itajengwa upya) na afungue mradi kwa 4.5.1. Aache uingizaji wa picha na sauti uishe kabisa. Kwenye HD 4000 utachukua muda, asiukatishe. Kisha aende menyu ya Project, Tools, halafu Upgrade Project Files. Hiyo inahifadhi upya sini (scene, yaani vipande vya mchezo) na rasilimali zote kwa muundo mpya. Akague, akomiti pamoja na faili zote za .uid na .import, asukume. Wengine ndipo wavute. Folda ya .godot ndiyo inayokaa kwenye .gitignore (orodha ya vitu ambavyo Git haitunzi). Nimeona miradi iliyoweka *.uid humo pia; hilo ni kosa, toeni.

Na kuanzia hapo, mtu akihamisha skripti kwa Windows Explorer badala ya kidirisha cha faili ndani ya Godot, ahamishe na .uid yake.

Sasa TileMap. Tangu 4.3 imewekwa kwenye orodha ya vilivyopitwa na wakati, nafasi yake ikachukuliwa na TileMapLayer: kila tabaka ni nodi yake. TileMap bado inafanya kazi kwenye 4.5, haitawazuia kutoa mchezo. Lakini kwa tabaka nne tu mimi ningebadilisha sasa. Chagua nodi ya TileMap, kwenye paneli ya chini bonyeza alama ya sanduku la zana, chagua kutenganisha tabaka kuwa nodi za TileMapLayer. Michoro inahama yenyewe. Kodi haihami. Namba ya tabaka iliyokuwa mwanzo wa kila wito inaondoka:

zamani: `ramani.set_cell(0, mahali, 1, Vector2i(2, 0))`
sasa: `kuta.set_cell(mahali, 1, Vector2i(2, 0))`

Vivyo hivyo get_cell_tile_data na erase_cell. Tangaza aina ya kigeu, `@onready var kuta: TileMapLayer = $Kuta`. Ukifanya hivyo, kila wito uliosahaulika unapigiwa mstari mwekundu ukiwa bado unaandika. Ukiacha bila aina, kosa linajificha mpaka mchezaji afike kwenye pango husika.

---

Bando_la_Usiku

Naongezea upande wa mashine na bando.

Godot ni faili moja, haisakinishwi, kwa hiyo wekeni 4.2.2 na 4.5.1 folda mbili tofauti. Ndani ya kila folda tengeneza faili tupu iitwayo `_sc_` kando ya programu. Kila toleo litatunza mipangilio yake humohumo kwenye editor_data, halitagusa ya mwenzake. Hivyo mnaweza kubeba folda nzima kwenye flashi kutoka Ngamiani mpaka Sahare bila kupakua tena.

Templeti za kutolea mchezo (injini iliyo tayari kufungashwa na mchezo) lazima ziwe za toleo lilelile hasa. Za 4.5 hazikubaliki na 4.5.1. Faili la .tpz lina ukubwa wa kama GB 1, ila ni zip ya kawaida. Apakue mmoja, alinganishe na orodha ya SHA512 (alama za kuhakiki kwamba faili halikuharibika) iliyo kwenye ukurasa wa toleo (Windows: `certutil -hashfile jina_la_faili SHA512`), alifungue, kisha wengine wagawiwe version.txt, android_debug.apk, android_release.apk na android_source.zip tu. Waziweke ndani ya editor_data/export_templates/4.5.1.stable. Za iOS, wavuti na Mac hamzihitaji.

HD 4000 kwenye Windows haina Vulkan (njia mpya ya kuchora picha kwa kadi ya michoro), kwa hiyo mradi uwe kwenye mfumo wa uchoraji wa Compatibility. Kihariri kikigoma kufunguka, kiwashe kwa `--rendering-driver opengl3`. Kwa mchezo wa 2D unaolenga simu za bei nafuu, Compatibility ndiyo ningeichagua hata kama laptopu zingekuwa mpya.

---

Raskazone_2D

Ahsanteni sana wakuu. Uhamaji umekamilika kwenye tawi la pembeni, tabaka zimetengana vizuri. Yamebaki mawili. Popo akigonga tofali la hatari, tulikuwa tunalipata tofali kwa get_coords_for_body_rid; sasa inarudisha tofali la jirani, mara nyingine mbali kabisa. Pili, APK (faili la kusakinisha mchezo kwenye Android) tunayoitoa haisakinishiki kwenye baadhi ya Tecno na itel, na kwenye simu nyingine inakataa kukaa juu ya ile ya zamani.

---

Makorora_Kodi

La kwanza ni mabadiliko ya 4.5 yenyewe. Zamani kila tofali lilikuwa na umbo lake la mgongano. Sasa TileMapLayer inaunganisha matofali ya jirani kuwa umbo moja kubwa ili fizikia iwe nyepesi, na umbo moja haliwezi kukuambia ni tofali lipi kati ya mengi. Kwenye nodi ya hatari peke yake weka physics_quadrant_size (ukubwa wa eneo ambalo matofali yake yanaunganishwa) iwe 1, utapata tofali halisi kama zamani. Ardhi na kuta ziacheni zilivyo, huko faida ya wepesi mnaihitaji.

---

Fundi_Chumbageni

La pili lina sababu mbili tofauti, msizichanganye. Simu nyingi za Android Go zinaendesha mfumo wa biti 32, na kwenye mipangilio ya kutolea, Godot imewasha arm64-v8a (biti 64) pekee. Washeni na armeabi-v7a (biti 32). APK itanenepa, lakini itaingia.

Kukataa kukaa juu ya ya zamani ni suala la saini. Kila laptopu ina ufunguo wake wa majaribio, na Android haikubali sasisho lenye saini tofauti na ya kwanza. Mkimwambia mjaribu afute ya zamani, anapoteza hatua alizofikia, maana data ya user:// (folda ya hifadhi ya mchezo) inafutwa pamoja na programu. Tengenezeni ufunguo mmoja wa kutolea kwa keytool (programu ya Java ya kutengeneza funguo), nakala zake zikae sehemu mbili salama nje ya Git, APK zote zitoke kwa huo. Na version/code (namba ya toleo kwenye mipangilio ya kutolea) iongezwe kila mara.

Kwa Play mtahitaji AAB (kifurushi cha kupakia dukani), na AAB inahitaji ujenzi wa Gradle (zana ya kujenga programu za Android) pamoja na JDK 17 (zana za Java). Kwa kuwa mmebadili toleo la injini, folda ya android/build ya 4.2.2 haifai tena. Isakinisheni upya kutoka menyu ya Project. Mara ya kwanza Gradle inapakua vitu vingi, iachieni bando la usiku.

4.6 ijaribuni kwa nakala ya mradi, kamwe si mradi wenyewe. Mkikuta kitu kimevunjika, kwanza kihakikisheni hakipo kwenye 4.5.1, kisha tengenezeni mradi mdogo wenye tatizo hilo tu: sini moja, skripti moja, bila folda ya .godot. Uwekeni kwenye zip na mripoti GitHub mkitaja toleo kamili, mfumo wa kompyuta na kadi ya michoro. Ripoti za namna hiyo kutoka mashine dhaifu kama HD 4000 zina thamani kubwa kipindi cha beta, kwa sababu wengi wanaojaribu wana mashine nzito na hawayaoni mnayoyaona ninyi.