Kalvati limekata njia ya samaki, tushauriane

kando_ya_mto: Wadau habari zenu. Kuna kijito kinapita chini ya barabara kwenye bomba la zege, maji yakitoka yanaanguka kama nusu mita hivi mpaka kwenye dimbwi. Juzi nimesimama pale naangalia visamaki vinaruka, vinagonga mdomo wa bomba, vinarudi chini, vinaruka tena, imeniuma sana. Upande wa juu sijaona hata kimoja. Bomba linabadilishwa karibuni, niwaambie waweke kubwa zaidi?

fundi_kalvati: Kubwa peke yake haitoshi mkuu. Hayo mabomba mengi yanapigiwa hesabu ya mafuriko tu, samaki hayumo. Kijito cha mita 3 ukikibana kipite kwenye bomba la mita 1 maji lazima yakimbie, na mle ndani ni laini, hakuna hata jiwe la samaki kujibanza apumzike, mbio zake za nguvu ni sekunde chache tu akichoka anasombwa. Halafu hiyo kasi ndo imechimba hilo dimbwi na kuliacha bomba linaning'inia.

Waambie sakafu ya mto ipite chini ya barabara kama vile barabara haipo. Ama daraja dogo, ama kalvati la upinde lisilo na sakafu, ama bomba pana lililozikwa na kujazwa mawe na changarawe za saizi ileile ya mtoni. Jimbo la Washington kule Marekani wanachukua upana wa mto mara 1.2 wanaongeza futi 2, na bomba wanalizika asilimia 30 mpaka 50 ya kimo chake. Hapo kwa mita 3 unapata kama mita 4.2.

kando_ya_mto: Asante sana. Huo upana napimia pale mdomoni?

fundi_kalvati: Hapana! Pale bomba limeshaharibu kila kitu, dimbwi limetanuka. Panda juu mbali kidogo mpaka uone mto uko kwenye hali yake, upime kingo kwa kingo usawa wa maji yakijaa kabla hayajamwagika nje, pima sehemu kadhaa.

mama_samaki: Naongezea, angalia na kiangazi. Kwenye zege bapa maji yanatandazika mpaka mgongo wa samaki unabaki nje, kwa hiyo katikati ya hizo changarawe waache kamfereji ka maji machache. Na kazi yenyewe wasiifanye msimu samaki wanapanda kutaga.