Rekodi za NS kwa API: nikiweka ns2, ns1 inatoweka

NyarDunga (Kisumu), Jumatatu usiku

Mafundi, hamjambo. Niko Kondele, na tangu Jumamosi sijapata usingizi wa maana kwa sababu ya rekodi mbili.

Shangazi yangu anauza omena kwa jumla pale Kibuye. Mwanawe aliye Nairobi amemwingiza kichwani kwamba lazima awe na tovuti, na kazi hiyo ikaniangukia mimi. Tovuti yenyewe haikunishinda: bei ya gunia, bei ya debe, bei ya gorogoro na namba ya simu, basi. Kilichonishinda ni seva za majina, zile zinazojibu jina la tovuti liko kwenye anwani gani. Nina seva mbili ndogo za kukodi, moja ya kazi zangu, nyingine ilikuwa imelala tu, nikaweka PowerDNS, programu ya seva za majina, kwenye zote mbili. Sitaki kubofyabofya kurasa za msajili (anayeuza majina ya tovuti) kila nikipata mteja. Nataka nitume amri moja kwa API (mlango wa programu wa kupokea amri), zoni (rekodi zote za jina moja) itokee na NS zake (rekodi zinazotaja seva zake za majina).

Jina na anwani nimezibadilisha, hapa tuseme samaki.example, ns1 iko 192.0.2.10 na ns2 iko 198.51.100.7.

Zoni ilikubali vizuri. Nilipotuma rekodi za NS nikarudishiwa 422, eti jina si kamili. Saa nzima nasoma jina herufi kwa herufi, kumbe inataka nukta mwishoni! Nukta ambayo sijawahi kuiandika kwenye kivinjari tangu nianze kutumia intaneti. Haya, nikaiweka:

`curl -X PATCH -H "X-API-Key: $UFUNGUO" -d '{"rrsets":[{"name":"samaki.example.","type":"NS","ttl":3600,"changetype":"REPLACE","records":[{"content":"ns1.samaki.example.","disabled":false}]}]}' http://127.0.0.1:8081/api/v1/servers/localhost/zones/samaki.example.`

Haikujibu neno. Nikatuma tena, kimya vilevile. Nikauliza kwa dig, programu ya kuuliza seva za majina, nikaikuta ns1 ipo. Nikarudia amri hiyohiyo, nikaandika ns2 mahali pa ns1. Ns2 ikaingia, ns1 ikatoka. Nikairudisha ns1, ns2 ikaondoka. Ni kama watoto kwenye pembea, akipanda huyu yule anashuka.

La pili: hata hiyo moja iliyopo naiona tu nikiiuliza seva yangu yenyewe, `dig @192.0.2.10`. Simu ya shangazi haifungui kitu, na ameshaandikisha jina la tovuti kwenye ubao wa kibanda kwa rangi ya mafuta. Siwezi kumwambia afute.

[Nimehariri, ufunguo halisi nimeuondoa kwenye amri, kwa sababu ya jibu la kwanza hapa chini.]

FundiSection58 (Nakuru), Jumatatu usiku

Dada, kabla ya yote: huo ufunguo ulioubandika ndani ya amri ni wa kweli? Maana haufanani na wa mfano. Kama ni wa kweli, acha kusoma hapa uende ukaubadilishe. Kuufuta kwenye ujumbe hakusaidii, tumeshauona. Na hata kama API inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, siku moja utaifungua kwa nje ukiwa umesahau.

Umerudi? Sasa pembea. REPLACE haiongezi kitu, inabadilisha kundi zima. PowerDNS inahesabu jina moja na aina moja kuwa kundi moja, na ulichotuma mara ya mwisho ndicho kinachobaki. Ukituma ns2 peke yake umeiambia samaki.example ina seva moja tu ya majina, nayo inakutii. Zitume pamoja:

`"records":[{"content":"ns1.samaki.example.","disabled":false},{"content":"ns2.samaki.example.","disabled":false}]`

Na kile kimya ndicho jibu lenyewe. PATCH ikifaulu inarudisha 204, ambayo haina maneno ndani. Weka -i kwenye curl utaiona. Mimi wakati najifunza nilituma amri moja mara tisa nikidhani mtandao umekatika. Bahati nzuri REPLACE ukiirudia haiharibu.

Usisahau rekodi A, zile za anwani, za ns1 na ns2 zenyewe. NS inaelekeza jina, si anwani, na jina hilo lisiwe CNAME, yaani jina la kuelekeza kwenye jina jingine. Siku nyingine ukitengeneza zoni mpya kwa POST, zitaje humohumo kwenye `nameservers`, na nukta zake, utaokoa safari moja.

mzee_wa_bondeni (Nakuru), Jumanne asubuhi

Mnajitesa bure. Karibu kila msajili anatoa seva za majina bila malipo ukinunua jina kwake. Omena itauzwa tu.

NyarDunga, Jumanne adhuhuri

Mzee, heshima zako. Kama angekuwa shangazi peke yake ningekusikiliza. Nina wateja kumi na mmoja, na majina yao waliyanunua kwa wasajili wanne tofauti, kila mmoja na kurasa zake na nywila yake, na wasajili wawili kati ya hao wanatuma ujumbe wa kuthibitisha kwenye simu ya mteja. Mteja yuko ziwani, simu haina chaji.

Fundi, ufunguo ulikuwa wa kweli. Uso umeniwaka. Nimeubadilisha kwenye pdns.conf na kuiwasha PowerDNS upya. NS sasa ziko mbili, 204 nimeiona kwa macho yangu. Simu ya shangazi bado.

KijanaLurambi (Kakamega), Jumanne jioni

Simu ya shangazi haiijui seva yako, na hakuna aliyeiambia. Swali lake linaanzia kwenye seva za mzizi, linashuka kwa wenye herufi za mwisho za jina (kama .ke), na hao ndio wanaosema nani anashika zoni yako. Ulichoandika kwa API kimo ndani ya zoni yako. Ni sawa na kubandika kibao ndani ya nyumba wakati mgeni bado yuko barabarani.

Kwa hiyo NS zilezile lazima ziwe pia huko juu, na huko PowerDNS yako haifiki. Kama jina halisi ni la .co.ke, rejista ni ya KeNIC, lakini wewe unapitia kwa msajili uliyenunua kwake. Wengine wana API yao, yenye ufunguo wake na amri zake. Usitarajie zifanane na hizi.

Kuna mtego mwingine, na ndio huwapata wengi. Seva zako zina majina yaliyomo ndani ya jina lilelile. Fikiria mgeni ameshuka Kondele, anauliza kwa Otieno ni wapi. Anaambiwa: muulize Otieno mwenyewe, yuko kwake nyumbani. Huyo mgeni atalala stendi. Ndiyo maana juu hawaandiki majina ya NS tu, wanaandika na anwani zake pembeni. Tunaiita gundi. Kwa msajili utaikuta imejificha mbali na ukurasa wa NS, mara nyingi kama mahali pa kusajili seva yako ya majina. Anza na hiyo ndipo uweke NS, la sivyo wengine wanakataa.

Halafu niambie hizi mbili zinasema nini (SOA ni rekodi kuu ya zoni, na +trace inafuata njia yote kuanzia mzizi):

`dig @198.51.100.7 samaki.example SOA`
`dig +trace samaki.example NS`

Ya kwanza ni ya ns2. Sijaona popote ulipoandika kwamba uliiwekea zoni.

NyarDunga, Alhamisi

Kijana, ulinisoma kama kitabu. Ns2 ilijibu REFUSED. Nilikuwa nimeweka programu nikaiacha hivyo, nikidhani ikitajwa kwenye NS itajua yenyewe. Nimeitengenezea zoni kwa API, ya aina ya kufuata, nikaitajia anwani ya ns1 ikachote huko. Haikuchota. Kumbe kwenye ns1 nilikuwa sijairuhusu kwa `allow-axfr-ips`, orodha ya wanaoruhusiwa kunakili zoni, tena zoni niliitengeneza ya aina ya Native, na Native haimpigii mwenzake habari kitu kikibadilika. Nimeigeuza kuwa Master. Sasa namba ya mfululizo kwenye SOA ni moja kote kuwili.

Gundi niliipata kwa msajili baada ya kufungua kila kitu kilichokuwa na alama ya mshale. Jumatano saa nane mchana nikaihifadhi. Kufika saa kumi `dig +trace` ilikuwa inashuka mpaka ns1 bila kukwama. Kwangu tovuti ikafunguka, kwa shangazi haikufunguka, nikataka kulia.

KijanaLurambi, Alhamisi

Ni kwa sababu alijaribu mapema. Seva ya mtandao wake ilikwisha kuambiwa jina halipo, na jibu la "halipo" nalo linawekwa akibani kwa muda. Hapo hakuna amri ya kutuma, ni kusubiri.

FundiSection58, Alhamisi

Seva zote mbili umekodi kwa mtu mmoja? Kama ziko jengo moja, siku jengo likizimika zinalala pamoja.

NyarDunga, Ijumaa

Ndiyo, kwa mtu mmoja. Mwezi ujao ns2 naihamisha, na najua sasa kwamba gundi nayo lazima nikaibadilishe kwa msajili, si kwa API yangu peke yake.

Leo asubuhi nimepita Kibuye. Shangazi alipangusa mkono kwenye leso, akaifungua tovuti kwenye simu yake mwenyewe, akaitazama kwa muda mrefu. Nikawa nasubiri. Akaniambia hiyo bei ya debe ni ya wiki iliyopita.