Msaada: nimtoe kizazi mbwa jike au nimwache? Nipo Nkuhungu, Dodoma

Mlinda Lango (mwanzisha uzi): Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa jike, Tausi, miaka mitatu. Mwezi Machi alizaa watoto saba. Sasa yuko kwenye joto tena, madume wa mtaa mzima wanalala getini. Daktari wa mifugo anataka 120,000 amtoe kizazi. Naogopa nusukaputi, asije asiamke. Silali.

Mwana wa Kondoa: Mkuu, Mungu kampa kizazi, wewe nani umtoe? Mwache azae.

Zabibu Mbichi: Maksai unaolimia walipatikanaje, Kondoa? Babu yangu kule Mpwapwa alikuwa akihasi kwa koleo, mimi nikashika kamba nikiwa darasa la nne. Kuna dume lilituburuza mpaka kwenye miiba, babu kang'ang'ana tu. Kovu ninalo gotini.

Dada Mifugo: Turudi kwa Tausi. Akiwa kwenye joto mishipa ya kizazi hujaa damu, kumpasua ni hatari zaidi. Wengi husubiri miezi miwili au mitatu. Ila kumtoa kizazi kuna faida: jike asiyetolewa anaweza kupata usaha kwenye kizazi, na usaha huo unaua. Je, ameshapandwa? Mimba ya mbwa ni kama siku 63. Na kadi yake ya chanjo ya kichaa ina jina la nani?

Mlinda Lango: Sijaona akipandwa. Chanjo nililipa mimi.

Dada Mifugo: Nimeuliza jina, kaka yangu.

Mlinda Lango: La mama mwenye nyumba. Yuko Singida kwa bintiye tangu Januari. Lakini dona na dagaa napika mimi, na usiku Tausi analala mlangoni kwangu. Halafu nimeshatoa kianzio cha 50,000, ni Jumamosi hii.

Mwana wa Kondoa: Kumbe mbwa wa watu! Huo ni wizi.

Mpiga Kona: Tumepigwa, wakuu. Huyu mwezi wa nne aliandika kuwa ana dume na ameshamhasi. Hadithi ya kutunga, mwisho utaletewa namba ya daktari.

Mlinda Lango: Yule alikuwa paka, rudi usome. Daktari sijamtaja hata jina. Basi niseme lililobaki. Wale watoto saba, mtu aliwatia kwenye kiroba akawatupa korongoni. Tausi alikitoboa kile kiroba, akawarudisha mmoja mmoja kwa mdomo, akawapanga kibarazani kwangu. Watano walikuwa wameshakufa. Aliwalamba mpaka adhuhuri, manyoya yao yakalowa kama wamezaliwa saa ile. Niliwazika mimi. Siwezi kuliona tena.

Dada Mifugo: Pole sana. Mimi nakuamini. Ila mama mpigie, umweleze hivyo hivyo ulivyotueleza sisi. Jumamosi ahirisha. Kwa sasa mfungie ndani, joto linaweza kwenda wiki tatu.

Zabibu Mbichi: Nina banda tupu hapa Ipagala, lina bati na mlango wa chuma. Mlete.

Mpiga Kona: Mkuu, samahani.

Mlinda Lango: Nimepiga, hapatikani. Huwa anawasha simu akimaliza kuswali Isha, nitapiga tena. Tausi nimemwingiza chumbani. Kalaza kichwa juu ya ndala yangu, madume wanakwaruza mlango.