Safari za ndani na za nje ya nchi: nizitenganishe?

Mwuliza swali (Uyole, Mbeya)
Ndugu zangu, naandika historia ya ukoo wetu na nimekwama. Babu alitoka Rungwe akaenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, kisha akachukuliwa na Wenela, shirika lililokuwa likiandikisha wafanyakazi wa migodi, hadi migodi ya Afrika Kusini. Baba hakuwahi kuvuka mpaka. Alihamia Mbeya mjini reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa. Dada yangu anaishi Kitwe, Zambia. Je, niziandike safari hizi katika sura mbili, za ndani na za nje?

Mchangiaji (Tukuyu)
Usizitenganishe, ndugu yangu. Kwa vijana wengi wa huku, Lupa ya miaka ya 1930 ndiyo iliyowazoesha kazi ya mshahara na maisha ya kambini, kwa hiyo aliyetoka huko hakuiona Johannesburg kuwa jambo geni kabisa. Serikali ilipositisha uandikishaji wa Wenela baada ya uhuru wa 1961, watu hawakukaa nyumbani: njia ya Ukanda wa Shaba, eneo la migodi huko Zambia, ambayo wazee waliijua tangu zamani, iliendelea, na baadaye reli ya TAZARA ikawafikisha Kapiri Mposhi, hukohuko Zambia. Ukitazama kilichomtoa mtu kwao, yaani uhaba wa ardhi, kodi na mahari, utakuta sababu ni zilezile, avuke mpaka au asivuke.

Mchangiaji (Njombe)
Nakubaliana na mzee wa Tukuyu, ila nina angalizo. Wabena wengi walikwenda umanamba, yaani kazi ya mkataba mashambani, kwenye mkonge wa Tanga, mbali kuliko Karonga ya Malawi ilivyo mbali na Tukuyu, na bado kwenye vitabu wanahesabiwa kuwa wahamiaji wa ndani tu. Vilevile usiwasahau waliobaki. Mume akiwa mgodini, mke ndiye aliyelima, aliyeuza mahindi na aliyeamua mtoto yupi aende kwa shangazi mjini akasome. (Wanaume wakisimulia, sehemu hiyo huirukaruka.) Kama bibi yuko hai, anza naye.

Mwuliza swali
Ahsanteni sana. Bibi yupo, na nimempigia simu jioni hii. Kumbe nauli ya baba kuja Mbeya na kodi ya chumba chake cha kwanza zilitokana na ng'ombe walionunuliwa kwa fedha za mgodini, naye bibi ndiye aliyeamua wauzwe, babu akiwa hajui. Baba mwenyewe hakuwahi kunieleza hilo.