Mafundi wa akwariamu, acheni kutufungia ovaflo ya bomba moja!

Wakuu, hili jambo limezidi sasa. Ovaflo ndiyo njia ya kushusha maji ya tangi yakizidi usawa, yaende kwenye sampu, yaani tangi dogo la chini ambalo pampu inayarudisha juu kutoka humo. Mteja analipa hela ndefu: tangi la sentimita 120, kabati, sampu chini, pampu. Fundi anafunga, anawasha, maji yanazunguka, anachukua chake anaondoka. Umeme ukikatika usiku mmoja tu, asubuhi zulia limelowa na kabati la MDF limevimba. Fundi akipigiwa simu anasema tatizo ni umeme. Umeme sio tatizo! Huku kwetu umeme kukatika ni jambo la kawaida, na ovaflo isiyohimili kukatika kwa umeme haijafungwa, imeegeshwa tu.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Tangi la 120 kwa 50, kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Fundi anazamisha mdomo wa bomba la kurudisha maji sentimita 10 chini ya usawa wa maji, eti maji yasipige kelele. Pampu ikizimika, bomba hilohilo linageuka sifoni na kunyonya maji kuyarudisha chini mpaka mdomo wake upate hewa. Hizo ni lita 60. Sampu ya 90 kwa 35 yenye kimo cha 40, ikijazwa hadi sentimita 30 kama wanavyopenda kujaza, imebakiza nafasi ya lita 31 na ushee. Karibu lita 29 zinakwenda sakafuni, na hapo sijahesabu maji yaliyokuwa yanapita juu ya kichana (ukingo wenye meno ambao maji hupitia kuingia kwenye ovaflo) pamoja na yaliyomo ndani ya mabomba.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Mdomo wa bomba uwe sentimita 2 chini ya maji, usizidi. Toboa tundu la milimita 5 kwenye bomba hilo, chini kidogo tu ya usawa wa maji, lielekee ndani ya tangi, ili maji yakishuka kidogo hewa iingie na sifoni ikatike. Tundu hilo lisafishwe kila unapobadilisha maji, maana mwani na konokono huliziba. Na tafadhalini, msitegemee chekvalvu, ile valvu ya kupitisha maji upande mmoja tu. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye ulimi wake haifungi tena, na utajua haifungi siku umeme umeshakatika. Baada ya hapo zima pampu, acha maji yote yashuke, kisha jaza sampu hadi zibaki sentimita 4 kufika ukingoni. Washa, subiri maji yatulie, chora mstari kwa kalamu ya maka. Maji yasivuke mstari huo pampu ikiwa inafanya kazi. Mafundi wangapi wanachora huo mstari?

Tuje kwenye bomba moja, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Bomba moja la inchi moja likizibwa na jani, konokono au samaki aliyekufa, pampu haijui. Inaendelea kupandisha maji mpaka yamwagike juu. Tangi lenye nafasi ya sentimita 3 juu ya maji linahimili lita 18 tu. Chemba ya pampu ya 40 kwa 30 yenye maji ya kina cha sentimita 25 ina lita 30. Lita 12 hizo zinakwenda wapi? Ama chemba ya pampu iwe ndogo kuliko nafasi iliyobaki juu ya tangi, ama pawe na bomba la dharura. Fundi makini anafanya yote mawili.

Mfumo wa mabomba mawili, wenyewe wanauita Herbie, una bomba la kwanza linalotembea limejaa maji muda wote bila hewa na linadhibitiwa na geti valvu, yaani valvu inayofungwa kidogo kidogo kwa kuzungusha. La pili ni la dharura, limesimama juu zaidi, likiwa tupu au likipitisha uzi mwembamba wa maji. Wa mabomba matatu, BeanAnimal, unaongeza bomba la katikati lenye kipira (mrija mwembamba) cha hewa: maji yakipanda yakafunika mdomo wa kipira, bomba hilo nalo linageuka sifoni kamili. Bomba la dharura HALIWEKWI valvu. Nimeona picha humu za bomba la dharura lenye bolu valvu (ile ya mkono inayofunga kwa robo mzunguko), na imefungwa. Huo ni uzembe unaomtia mteja hasara.

Tena hiyo geti valvu. Nyingi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni za shaba nyeupe. Zina madini ya shaba, na shaba inaua kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo sana majini. Kwenye tangi la maji chumvi ni marufuku kabisa. Tafuta ya PVC. Bolu valvu haifai kwa kazi hii kwa sababu ukiigusa kidogo tu imeruka kutoka wazi mno hadi kufunga mno.

Kurekebisha geti valvu kunataka utulivu, na ndio maana mafundi wanairuka hatua hiyo. Ncha ya bomba la sifoni izame sentimita 2 hadi 3 tu ndani ya maji ya sampu, kwani ikizama sana hewa inashindwa kutoka na sifoni haianzi. Fungua geti valvu yote, washa pampu, acha bomba liteme hewa. Kisha funga robo mzunguko, subiri dakika 10, tazama maji ndani ya boksi la ovaflo, lile lililo nyuma ya kichana. Yakishuka mpaka bomba linakoroma, linavuta hewa, funga kidogo tena. Yakipanda na kumiminika kwa wingi kwenye bomba la dharura, umefunga mno, fungua kidogo. Lengo ni maji yatulie sentimita 10 au zaidi juu ya mdomo wa sifoni, na kimya kiwepo. Ukigusa valvu kila dakika moja hutapata kitu.

Pampu nazo ni balaa lingine. Tangi la lita 300 linafungiwa pampu ya lita 5,000 kwa saa ili lionekane lina nguvu. Mara 3 hadi 5 ya ujazo wa tangi kwa saa inatosha, yaani lita 900 hadi 1,500. Msiamini namba ya kwenye boksi la pampu, ile ni bila kupandisha maji. Pima: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 48, una lita 1,500 kwa saa. Kichana nacho kipimwe. Kanuni ya wafugaji ni lita 100 kwa saa kwa kila sentimita ya ukingo, na meno yanakula nusu, kwa hiyo lita 1,500 zinataka kichana cha sentimita 30. Vile vya sentimita 15 vinapandisha maji ya tangi bure.

Zile ovaflo za kuning'iniza zenye bomba la U sitaki hata kuzisikia. Mapovu yanajikusanya juu ya U, sifoni inakatika, umeme ukirudi pampu inamwaga maji yote juu. Wanaziuza kwa kuogopa kutoboa kioo. Kutoboa kioo cha kawaida kunawezekana kwa biti ya almasi, mzunguko wa taratibu, maji muda wote, bila kukandamiza. Kioo cha tempa, kilichoimarishwa kwa moto, ndicho kisichotobolewa, kinasambaratika chote, na mara nyingi ni kile cha chini ya tangi, hivyo ulizeni kabla. Mpira wa tanki konekta (kiungo kinachopitisha bomba kwenye tundu la kioo) ukae upande wa kichwa, sio upande wa nati. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Silikoni juu ya mpira haitakiwi.

Mteja, kabla hujamalizia malipo: zima umeme mara tatu, kila mara ukisubiri maji yashuke yote, kisha washa uone kama sifoni inaanza yenyewe. Halafu funga geti valvu kabisa pampu ikiwa inafanya kazi, uone kama bomba la dharura linabeba maji yote peke yake. Fundi akikataa majaribio hayo, hela yako ibaki mfukoni.

Na mwenye kujua panapouzwa geti valvu ya PVC ya inchi moja, Dar au Mombasa, aweke mtaa na bei hapa chini. Mafundi mnaofanya kazi vizuri, bandikeni picha za mabomba yenu tuyaone.