Tupeane uzoefu: neno "aretē" mmewafundishaje watu wenu?

Mleta mada, Dodoma mjini
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Ijumaa darasa langu linaingia 2 Petro 1:5, "katika imani yenu tieni na wema". Kigiriki hapo ni aretē, neno lililotokea mara 5 tu katika Agano Jipya zima, na 3 kati ya hizo zimo 2 Petro sura ya 1. Nikisema "wema", watu wanaelewa kumgawia jirani unga. Si vibaya, ila aretē ni kuwa barabara katika kile ulichoumbiwa; Homeri, mshairi wa kale wa Kigiriki, aliwasifia nalo hata farasi. Nyie mlilielezaje?

Mwinjilisti, Hombolo
Mtumishi, mimi niliingia na mkasi wa kupogolea. Watu wangu ni wakulima wa zabibu, na Plato naye, mwanafalsafa wa kale wa Kigiriki, kwenye kitabu cha kwanza cha Jamhuri, anatumia mfano huohuo: tawi la mzabibu unaweza kulikata kwa kisu chochote, lakini chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo ndicho kinachokata vizuri. Kila chenye kazi yake kina aretē yake. Nikaupitisha mkasi mkono kwa mkono. Mzee mmoja akapapasa makali kwa kidole gumba, akaurudisha: "Huu butu, mwalimu. Hiyo arete yako humu haimo." Sikuwa na la kuongeza.

Mwalimu wa kwaya, Manyoni
Sisi tulikwama 1 Petro 2:9, "mpate kuzitangaza fadhili zake". Wanakwaya wakaiunganisha na fadhili ya Wagalatia 5:22. Kumbe ile ya Wagalatia ni neno lingine la Kigiriki, agathōsynē. Hii ya Petro ni aretē kwa wingi, mwangwi wa Isaya 43:21 katika tafsiri ya kale ya Kigiriki, na Kiebrania cha Isaya pale kinasema sifa. Basi wimbo wa taratibu tuliouandaa tukauongezea ngoma.

Mama Mchungaji, Mpwapwa
Shikamooni wakubwa. Napinga kidogo. Kina mama niliwaambia "ubora", wakaniuliza kama ni ule wa nembo kwenye mafuta ya kula! Tena mkasi hauna imani ya kutiwa kitu juu yake. Someni mstari wa 3: Mungu ametuita kwa utukufu wake na wema wake mwenyewe, aretē ileile. Mimi nimebaki na "wema", ila naanzia mstari huo, siyo wa 5. Wafilipi 4:8, nayo yenye aretē, bado inanisumbua; aliyeifundisha aje.